Ardhi ya Mbari na Hati ya Mtu Mmoja

(Maneno yaliyosomwa na Karani wa Chama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Nyeri)



Halmashauri imetuagiza tunene juu ya mabadiliko yaliyowapata watu wetu na maendeleo yao. Neno hilo ni pana, na mtu aweza kulisema kutwa nzima asilimalize. Twaomba ruhusa yenu tulipunguze, tuseme habari ya shamba peke yake. Tunazo sababu mbili. Ya kwanza, kazi yetu ni ukarani katika ofisi ya wakili mjini hapa, na haipiti siku bila faili ya mirathi kufika mezani petu. Ya pili ni jambo lililokipata chama hiki mwaka huu, nalo lilituondolea usingizi.

Mwanachama wetu mmoja, mzee aliyependwa na wengi, alifariki. Chama kilifanya wajibu wake: jeneza, gari, chakula cha waombolezaji, vyote vililipwa kama kanuni zisemavyo. Miezi michache baadaye akaja binti yake wa pili. Binti huyu alifanya kazi za nyumbani katika nchi za Ghuba kwa miaka sita, na deni la hospitali alikolazwa babake lililipwa kwa fedha alizokuwa akizituma kila mwezi. Alikuja kwa adabu, akaketi, akatuomba jambo dogo. Kaka zake walikuwa wamepeleka maombi ya mirathi mahakamani, na katika orodha ya watoto wa marehemu yeye na dada zake wawili hawakuandikwa. Alikuwa amesikia kwamba chama chetu huandika jamaa za kila mwanachama siku anapojiunga. Aliomba nakala ya ukurasa wa babake, apate kumwonyesha hakimu kwamba naye ni mtoto wa nyumba ile.

Tukafungua daftari. Ukurasa ulikuwepo, na mwandiko ulikuwa wetu wenyewe. Wana wanne waliandikwa kwa majina kamili. Binti hata mmoja hakuwamo, kwa kuwa fomu yetu, iliyonakiliwa kutoka fomu ya zamani, nayo ikanakiliwa kutoka nyingine iliyoitangulia, ina mstari mmoja tu: "Majina ya watoto wa kiume." Tukamgeuzia daftari ajionee. Alisoma, akafunga mkoba wake, akatushukuru, akaenda zake. Hakutulaumu. Lau angalitulaumu tungaliona nafuu.

Baadaye tulipowaeleza wanachama wenzetu jambo hili, wengi walisikitika, lakini wachache walijibu kwa neno ambalo twalisikia kila mara ofisini: "Ni mila. Mila ya Gikuyu haimpi binti shamba." Neno hilo ndilo tunalotaka kulipima leo mbele ya wazee wanaoijua mila kuliko sisi. Tukikosea, watuonye hapa hapa.

Sisi tulifundishwa hivi. Mtu mmoja hapo kale alifyeka msitu, au alinunua nchi kwa mbuzi, akawa na githaka. Watoto wake na watoto wa watoto wake wakawa mbari, nayo mbari ikaitwa kwa jina lake. Alipokufa, msimamizi aliwekwa, aghalabu mwana wa kwanza wa nyumba ya kwanza, akaitwa muramati. Muramati hakuwa mwenye githaka. Alikuwa mlinzi wake. Alijua mipaka, mahali ilipopandwa itoka, aliamua ugomvi, aliwakaribisha ahoi, watu waliolima kwa urafiki tu bila kuwa wa ukoo. Lakini kuuza hata kipande hakuweza bila wenzake kuketi na kukubali, na mtu wa nje hakuweza kuingia kabla wenye mbari hawajaulizwa.

Na ndani ya mbari, je? Mwanamume alipooa, mke alipewa sehemu zake za kulima, na mke wa pili vivyo hivyo. Sehemu alizolima mama ndizo walizogawiwa wanawe walipokua na kuoa. Twaomba wazee mlifikiri jambo hili, maana sisi lilituchukua muda kulielewa. Mpaka wa urithi wa mwanamume ulichorwa na jembe la mama yake. Hakukuwa na mzee aliyekwenda kwenye shamba la nyumba ya pili akawagawia wana wa nyumba ya kwanza, akaachwa salama.

Hatusemi kwamba binti alirithi. Hakurithi kama kaka zake, na anayedai kwamba alirithi anaibadili mila kwa faida yake kama vile wengine wanavyoibadili kwa faida yao. Lakini binti ambaye hakuolewa, au aliyerudi kwa babake kwa sababu ndoa imevunjika, hakukosa mahali pa kujenga na pa kupanda viazi na kunde. Mjane hakufukuzwa. Ndugu aliyemnyima dada yake mahali pa jembe aliaibika mbele ya mbari nzima, na aibu ya siku zile ilikuwa kitu kizito. Mtu hakuhamia Nairobi kuikimbia.

Hayo yalivunjikaje? Vijana wengi hudhani hati za mashamba zimekuwako tangu mlima ulipoumbwa. Hazikuwako. Wazee wetu wenyewe walizitafuta, na walikuwa na sababu njema. Sheria ya ardhi ya mwaka 1915 iliifanya nchi yote kuwa mali ya Taji la Uingereza, na mwaka 1921 Mahakama Kuu ikatamka kwamba Mwafrika ni mpangaji tu katika nchi ya baba zake, akaaye kwa hiari ya serikali. Mtu aliyeona ndugu zake wakihamishwa ili mlowezi apewe nchi hakuhitaji kufafanuliwa maana ya maneno hayo. Ndiyo sababu Kikuyu Central Association, iliyoundwa mwaka 1924, ilidai hati za mashamba pamoja na madai yake mengine. Walitaka ngao. Tume ya Carter, iliyotoa taarifa yake mwaka 1934, iliweka mipaka ya hifadhi za makabila, lakini ngao yenyewe haikuletwa.

Ililetwa baadaye, kwa mkono wa mtu mwingine na kwa nia nyingine. Hali ya Hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Kuanzia mwaka 1954 watu wetu walitolewa katika miji yao iliyotawanyika migongoni mwa vilima, nyumba zikachomwa, wakakusanywa katika vijiji vilivyozungushiwa handaki. Katika nchi yote ya Gikuyu na Embu watu zaidi ya milioni moja waliingizwa vijijini namna hiyo, na waliochimba mahandaki yale, kama wazee wajuavyo, walikuwa hasa akina mama, kwa maana wanaume wengi walikuwa vizuizini au msituni. Mwaka huo huo wa 1954 ulitangazwa mpango wa Bwana Roger Swynnerton wa idara ya kilimo. Mpango ule ulisema waziwazi kwamba mkulima hodari atapata ardhi zaidi, asiyeweza atapungukiwa, na kwamba litatokea tabaka la wenye nchi na tabaka la wasio nayo. Mwandishi hakuona haya kuliandika jambo hilo; aliliita hatua ya kawaida katika maendeleo ya nchi.

Kazi ya kukusanya mashamba ilikuwa imekwisha jaribiwa hapa kwetu, katika sehemu ya Chifu Muhoya huko Tetu, lakini sasa ilienezwa kwa nguvu. Wazee mlioiona mwaijua. Kwa ajili ya vijana tutaieleza kwa ufupi. Mtu mmoja alikuwa na vipande sita au kumi, kimoja bondeni kwa ajili ya viazi vikuu na ndizi, kingine juu kwa mahindi, kingine mbali kwa malisho. Kamati ya wazee ilikaa, vipande vikapimwa, vikajumlishwa, ikatolewa sehemu kwa ajili ya barabara, shule na soko, kisha mtu akaonyeshwa shamba moja lenye mipaka minne. Jina lake likaandikwa katika daftari. Jina moja.

Kosa lilikaa katika mambo mawili. La kwanza, kamati zilikaa wakati ambapo maelfu walikuwa Manyani, Mackinnon Road na kambi za Mwea. Asiyekuwapo alisemewa na ndugu, au hakusemewa. Mwaka 1957 serikali ikasimamisha kesi za mashamba katika mahakama za Waafrika, hata aliyerudi akakuta mlango umefungwa. Huko Fort Hall, yaani Murang'a ya leo, makosa yalizidi mpaka kazi ikabidi kurudiwa. La pili ni hili: daftari halikuwa na safu ya kuandika "muramati". Lilikuwa na safu ya mwenye shamba tu. Mtu aliyekwenda mbele ya meza kama mlinzi aliondoka akiwa mwenye mali, hata kama mwenyewe hakukusudia.

Tutawapa mfano wa nyumba yetu wenyewe, maana si haki kusimulia ya jirani na kuficha ya kwako. Babu yetu alikuwa na mdogo wake. Mdogo alichukuliwa mwaka 1954, akapelekwa Manyani. Kamati ilipokaa mwaka 1958 babu yetu aliandikisha vipande vyote, vyake na vya nduguye, jumla ekari saba, kwa jina lake. Alisema mbele ya kamati: "Namshikia." Na alimshikia kweli. Ndugu aliporudi alionyeshwa ekari tatu, akajenga, akapanda kahawa, na kwa muda wote babu yetu alipokuwa hai hapakuwa na mtu aliyeuliza neno. Babu yetu alifariki mwaka 1983. Hapo wanawe, yaani baba yetu na ndugu zake, wakaitazama ile karatasi, nayo karatasi haikuwa na neno "namshikia". Wakawaambia watoto wa yule mdogo kwamba baba yao alikuwa muhoi tu.

Sisi tu wa nyumba ya wenye hati. Tulisomeshwa katika shule ya misheni kwa kahawa ya shamba lile. Tulikua tukiambiwa tusicheze na watoto wa upande wa pili wa mto mdogo, na hatukujua sababu. Wahenga walisema ndugu wakigombana uchukue jembe ukalime, wakipatana uchukue kapu ukavune. Kwetu hapakuwa na pa kulima wala pa kuvuna, kwa kuwa jembe lenyewe ndilo lililogombaniwa.

Mahakama nazo zilitembea polepole. Mwaka 1972 Mahakama Kuu iliamua kwamba mtu akiisha kuandikishwa, haki za kimila juu ya shamba lile zimekufa. Hukumu hiyo iliwapa nguvu wengi wenye hati, na wengi wasio na hati wakalala njaa kwa ajili yake, ingawa wako majaji wengine waliokataa kuifuata na kusema kwamba aliyeandikishwa aweza kuwa mwenye kushika amana. Mabishano hayo yaliendelea zaidi ya miaka 40. Hatimaye kesi iliyotoka Meru, jirani zetu, ilifika Mahakama ya Juu, na mwaka 2018 mahakama hiyo ikaamua kwamba amana ya kimila huifunga hati hata kama haikuandikwa katika daftari. Anayeidai lazima athibitishe kwamba ardhi ilikuwa ya jamaa, mbari au ukoo kabla ya kuandikishwa; kwamba yeye ni wa jamaa hiyo, wala si wa mbali mno; kwamba naye angaliweza kuandikishwa isipokuwa kwa sababu fulani iliyomzuia; na kwamba anayemdai ni mtu wa jamaa ile ile. Kwa hiyo muramati, aliyekosa safu yake mwaka 1958, alirudishiwa jina lake baada ya miaka 60. Mwaka uliofuata wakili wa upande wa pili alimletea baba yetu nakala ya hukumu. Baba yetu aliisoma kwa siku tatu, akatuita, akasema, "Maneno haya ndiyo aliyoyasema baba." Ekari tatu zikakatwa. Watoto sasa huvuka mto.

Bwana Mwenyekiti, twatarajia wengi hapa wafurahie hadithi hiyo. Sisi pia tuliifurahia, mpaka yule binti alipokuja na mkoba wake. Ndipo tulipokumbuka kwamba siku ya kukata zile ekari tatu, na siku ya kugawa zile nne zilizobaki, shangazi yetu alikuwa jikoni akiwapikia wapimaji chai. Yeye ni binti wa babu yetu. Ndoa yake ilivunjika, akarudi nyumbani yapata miaka 40 sasa, na ndiye aliyemlea bibi yetu hata siku ya kufa. Anaishi katika nyumba ya vyumba viwili juu ya ardhi ambayo sasa ni ya mwana wa kaka yake, kijana mwema, lakini kijana mwenye deni benki.

Turudi basi kwenye lile neno "mila". Mwanamume anayesema mila haimpi binti shamba, huku ameshika hati yenye jina lake peke yake, anashika kitu gani mkononi? Mila haikumpa hati. Ilimpa ulinzi wa kitu cha watu wengi, pamoja na wajibu kwa mjane, kwa dada aliyerudi na kwa ndugu aliye mbali. Hati ilimwondolea wajibu ule wote kwa mhuri mmoja. Akitaka kusimama juu ya hati, basi na asimame juu ya sheria iliyoleta hati, nayo sheria inasema mengine kumhusu binti. Akitaka kusimama juu ya mila, na airudishe mila nzima: amwite dada yake, amwonyeshe mahali, na asiuze bila mbari kuketi. Kuchukua mali kwa sheria na kuwanyima watu kwa mila ni kula kwa mikono miwili kutoka sahani mbili.

Tusije tukaonekana tunaidharau kazi ya wazee waliokubali kupimiwa. Maendeleo yaliletwa na hati, na nani humu atakana? Kahawa, iliyokuwa imekatazwa kwetu miaka mingi, ilipandwa. Ng'ombe wa maziwa wakaingia zizini. Chai ikapanda kuelekea msitu. Benki ikakubali kutoa mkopo. Lakini kumbukeni pia nani aliyetia mabati juu ya nyumba hizo. Vikundi vya akina mama vilichanga shilingi kwa shilingi katika miaka ya 1960, wakanunua mabati wakaezeka nyumba ya mmoja, kisha ya mwingine, hata nyasi zikatoweka vijijini. Paa ni la mama, hati ni ya baba. Na wako wasio na paa wala hati: baadhi ya vijiji vya wakati wa ukoloni vipo hata leo katika kaunti hii, na wakaao humo ni wajukuu wa wale waliosahauliwa na kamati.

Sheria tutaipitia upesi. Sheria ya Mirathi ilipitishwa mwaka 1972, ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Inasema "watoto", wala haisemi "wana". Mtu akifa bila wosia na bila kuacha mume au mke, mali hugawanywa sawa kwa watoto wote. Akiacha mjane, mjane hukaa na kuitumia mali hiyo maishani mwake. Aliye na wake wengi, mali hugawanywa kwanza kwa nyumba, lakini kwa kuhesabu watoto wa kila nyumba na mke pamoja nao. Ziko wilaya chache za wafugaji ambazo mashamba yao yaliachwa chini ya mila. Nyeri haikuwa mojawapo. Katiba ya mwaka 2010 ikaongeza kwamba ubaguzi wa jinsia katika sheria na desturi za ardhi uondolewe. Basi babu yetu, aliyefariki mwaka 1983, alikufa chini ya sheria hii. Haki ya shangazi yetu ina umri mkubwa kuliko sisi tunaosoma maneno haya.

Kama sheria ni hiyo, mabinti hupotelea wapi? Hupotelea katika barua moja. Anayetaka mirathi huanza kwa chifu, naye chifu huandika barua ya kuwataja walioachwa na marehemu. Chifu hawezi kuyajua matumbo yote ya lokesheni; huandika anayoambiwa na wale waliokuja ofisini kwake, na waliokuja ni wana. Barua hiyo huenda mahakamani pamoja na cheti cha kifo na maelezo ya shamba. Tangazo hutolewa katika Gazeti Rasmi la Serikali, mwenye pingamizi hupewa siku 30. Tuambieni, ni mama gani wa Mukurweini asomaye Gazeti Rasmi? Kisha hati ya usimamizi hutolewa, na baada ya miezi sita huthibitishwa, na shamba hugawanywa. Kweli, iliyopatikana kwa kuficha jina la mtoto yaweza kubatilishwa na mahakama hata baadaye. Tumeona zikibatilishwa. Tumeona pia gharama yake: shamba robo ekari, kesi miaka tisa, na ndugu wasiozikana.

Mzee mmoja alituuliza kwa upole: binti ameolewa, atapata kwa mumewe, kwa nini apate mara mbili? Swali ni la haki. Jibu letu ni kwamba huko alikoolewa nako huambiwa, "Wewe ni mgeni, kwenu ni kwa babako." Tumewaona wanawake ambao wamesomewa maneno hayo pande zote mbili katika mwaka mmoja. Mzee mwingine alisema mashamba yamekuwa madogo mno, tukihesabu na mabinti tutagawa vitambaa. Naye asema kweli kuhusu udogo. Ila udogo huo uliletwa na wana peke yao. Mabinti hawajapewa bado. Na si lazima kila jina liwe kipande. Jamaa waweza kukubaliana mmoja alime na kuwalipa wengine, au shamba libaki zima kwa majina ya wote. Mabinti wengi huja ofisini, wakaambiwa fungu lao, wakatia sahihi kwamba wamewaachia kaka zao. Hutoka wakicheka pamoja. Mtu hawezi kuacha kwa hiari kitu ambacho hakuwahi kuulizwa.

Na kuna jambo la haraka zaidi kuliko haya. Katika mkutano huu, tukiwaomba wanachama wainue mkono ambao shamba wanaloishi bado liko kwa jina la babu aliyekufa, twajua mikono itakuwa mingi, na ya kwetu ilikuwa miongoni mwao hata juzi. Kila mwaka unaopita mashahidi hupungua. Wazee waliosikia "namshikia" mbele ya kamati wamebaki wachache, na baadhi yao wako humu ndani, viti vya mbele.

Kwa sababu hizo Halmashauri inaleta hoja tatu mbele yenu leo. Kwamba fomu ya uanachama ibadilishwe, iwe na majina ya mke au wake, na ya watoto wote, wa kiume na wa kike, waliooa na wasiooa, walioolewa na walioachika. Kwamba mwanachama akifariki, chama kitoe nakala ya ukurasa wake kwa kila mtoto atakayeiomba, na nyingine ipelekwe kwa chifu kabla barua haijaandikwa. Na kwamba kila mwezi, Jumamosi ya mwisho, karani aketi na mzee mmoja, waandike ushuhuda wa wazee juu ya mashamba yaliyoshikwa kwa ajili ya wengine. Hoja ya tatu haina gharama ila karatasi na chai.

Wako watakaozipinga, na mkutano ni wenu. Fomu mpya tumezipiga chapa, ziko mezani kwa Mweka Hazina, karibu na mlango. Mbili zimekwisha jazwa. Moja ni ya baba yetu, ambayo aliijaza mwenyewe juma lililopita: shangazi yetu ameandikwa humo, mstari wa tatu, kwa mwandiko wake baba. Ya pili ina ukurasa wa yule marehemu, umeandikwa upya, watoto saba, na nakala yake imewekwa ndani ya bahasha. Yule binti tulimpigia simu jana. Alisema kesi itatajwa tena mwezi ujao, na kwamba atapita Jumatatu asubuhi kuichukua, kama mkutano utakubali.